Malale: maswali yanayoulizwa Malakia kuhusu ugonjwa wa mbung'o

Mtu akifika Malakia, mtaa wa Juba, Sudan Kusini, kutoka Lainya, Kajo-Keji au Tambura akiwa na homa ya kuja na kuondoka, kinachoshukiwa kwanza ni malaria. Ikishindikana, taifodi. Anapimwa, anapewa dawa, anapata nafuu ya siku kadhaa, kisha homa inarudi. Miezi inapita hivyo, wakati mwingine mwaka au zaidi. Baadaye walio karibu naye wanaanza kuona mengine: anasinzia mchana mkono ukiwa bado kwenye sahani, usiku hana hata lepe la usingizi, anagombana na watu aliokuwa akiwapenda, maneno yanamtoka ovyo. Kufikia hapo familia huwa imeshamaliza akiba yake, na mara nyingi imeshaambiwa kwamba mgonjwa wao amerogwa.

Ugonjwa unaoweza kuwa nyuma ya mambo hayo ni malale. Una kipimo na una tiba, na dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana inaumiza sana kuona mtu akifika hospitali akili imeshapotea, ilhali kimelea kilikuwa kinaonekana kwa darubini tangu mwaka uliopita.

Sehemu kubwa ya makala haya inaeleza namna kimelea hicho kinavyoishi ndani ya damu ya binadamu. Si kwa kupenda mambo ya maabara. Mtu akishaelewa hila zake, ataelewa pia kwa nini hakuna chanjo, kwa nini homa inakuja na kuondoka, kwa nini dawa za zamani ziliogopwa, na kwa nini mhudumu wa afya hakubali kuanza matibabu kwa kipimo kimoja tu.

Malale ni ugonjwa gani hasa?

Huletwa na kimelea cha chembe moja kiitwacho tripanosoma. Kina mkia unaopigapiga bila kutulia, nao hukiwezesha kuogelea kati ya chembe za damu. Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu, hiki hakijifichi. Kinakaa nje yake, katika maji ya damu, mahali ambapo askari wote wa kinga ya mwili wanapita. Jinsi kinavyodumu hapo kwa miaka ni jambo la ajabu, na tutalifikia.

Kinaingia mwilini kwa kuumwa na mbung'o, ambaye sehemu nyingine za Afrika Mashariki anaitwa ndorobo. Mbung'o huuma mchana, na kuumwa kwake kunauma kwelikweli. Dume na jike wote hunywa damu. Si kila mbung'o ana kimelea. Wenye nacho ni wachache sana, na mbung'o akishanywa damu yenye kimelea huchukua kama wiki tatu au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine.

Kuna malale ya aina mbili. Yale ya Sudan Kusini huletwa na Trypanosoma brucei gambiense, ambayo ndiyo inayosababisha zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote barani. Hiyo huenda polepole. Mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi au miaka akiendelea na kazi zake. Aina ya pili, Trypanosoma brucei rhodesiense, iko zaidi Uganda ya kusini mashariki, Tanzania, Malawi na Zambia, na hiyo humwangusha mtu kwa wiki chache tu. Uganda ndiyo nchi pekee iliyo na aina zote mbili.

Naishi Malakia, mjini. Hayo ya porini yananihusu nini?

Hatari ya kuumwa iko kwenye vichaka vyenye kivuli kando ya mito na vijito, mahali watu wanapochota maji, wanapooga, wanapovua na kulima. Haiko kati ya vibanda vya soko la Konyo Konyo. Lakini Malakia ni mtaa wa watu waliotoka kwingine. Ni miongoni mwa mitaa ya zamani kabisa ya Juba, na ndani yake wanakaa watu wa Equatoria yote, pamoja na wafanyabiashara wa Uganda, Kongo na Kenya wanaosafiri kwa barabara ya Nimule na ya Yei. Kimelea kinachoweza kukaa mwilini miaka miwili kimya kinasafiri na mtu huyo popote. Aliyeumwa akiwa shambani kwao Morobo anaweza kuugulia hapa, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona mbung'o.

Na maeneo hayo si ya kubahatisha. Kwa zaidi ya miaka mia ramani ya malale nchini imebaki karibu ile ile: Yei, Kajo-Keji, Morobo, Lainya, Lui, Maridi, Yambio, Ezo, Tambura, na upande wa mashariki Nimule na wilaya ya Magwi. Serikali ya kikoloni ilijenga makazi ya wagonjwa wa malale huko Source Yubu, magharibi ya Tambura, na kuwalazimisha watu kuhamia kando ya barabara ili wakaguliwe kwa urahisi. Upimaji wa mara kwa mara ulipungua vita vilipoanza, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Katika milipuko ya miaka ya 1990 kulikuwa na vijiji vya Sudan Kusini, Angola na Kongo ambavyo nusu ya watu walikutwa na ugonjwa, na malale yakaua watu wengi kuliko hata Ukimwi katika jamii hizo.

Leo hali ni nyingine kabisa. Mwaka 1998 waliripotiwa karibu wagonjwa 40,000 barani Afrika, na wengi zaidi hawakujulikana. Tangu 2018 idadi inayoripotiwa kila mwaka iko chini ya 1,000. Uganda ilithibitishwa mwaka 2022 kwamba malale ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma kwake. Hizo ni habari njema, ila zina upande wa pili: ugonjwa ukishakuwa nadra, madaktari vijana hawajawahi kuuona, na hawaufikirii. Mapigano ya 2013 na yale ya 2016 yaliwatawanya watu wa Equatoria hadi kambi za Uganda na kurudi. Wakati huo timu za afya za Uganda zilifanya jambo la busara la kuwapima malale wakimbizi waliotoka maeneo hayo. Sioni sababu mtu anayeingia Juba kutoka Ezo asiulizwe swali hilo hilo.

Kwa nini mwili hauwezi kukiua wenyewe?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima.

Adui akiingia katika damu, mwili hutazama sura yake ya nje na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomshika adui huyo na kumfanya aharibiwe. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa magonjwa mengi inatosha, na kumbukumbu yake hubaki, ndiyo maana aliyeugua surua hapati tena.

Mwili hufanya kazi hiyo hiyo kwa tripanosoma, na huifanya vizuri. Kingamwili zinatengenezwa, vimelea vinakufa kwa mamilioni, homa inashuka, mgonjwa anasema amepona. Lakini uso wote wa kimelea umefunikwa na kanzu ya protini moja, nakala zake zikifikia kama milioni kumi, zimesongamana kiasi kwamba kingamwili haiwezi kupenya na kugusa kilichomo chini. Wanasayansi huiita VSG, na kila nakala imefungwa kwenye ngozi ya kimelea kwa kamba fupi ya mafuta na sukari. Keith Vickerman wa Glasgow aliionyesha kanzu hiyo kwa darubini ya elektroni mwaka 1969, na George Cross akaitenga protini yenyewe mwaka 1975.

Sasa, ndani ya jeni zake kimelea kina mapishi ya kanzu zaidi ya 2,000. Kwa wakati mmoja kinatumia moja tu; nyingine zote zimezimwa. Mara chache, bila kungoja kuona kingamwili, kimelea kimoja kati ya vingi kinazima pishi la zamani na kuwasha jingine. Kingamwili zinapowamaliza wenye kanzu ya kwanza, huyo mmoja hatambuliwi. Anazaana. Homa inapanda upya. Mwili unaanza tena kazi kutoka mwanzo, unafaulu tena, na tena kuna mmoja aliyebadilisha. Mapishi mengi kati ya hayo 2,000 si kamili, lakini kimelea kinaweza kuunganisha vipande vya haya na yale kikapata kanzu ambayo haikuwapo kabla, kwa hiyo hakiishiwi.

Mawimbi hayo yaliwahi kuhesabiwa. Mwaka 1910 Ronald Ross, yule yule aliyegundua kwamba mbu ndiye anayesafirisha malaria, alishirikiana na David Thomson kuhesabu kila siku vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja aliyekuwa ameambukizwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walichora mstari unaopanda na kushuka kila baada ya siku chache, kwa muda mrefu. Walioona mchoro huo hawakujua sababu yake ni nini. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuipata.

Sehemu ya kushuka kwa mawimbi hayo inatokana na kimelea chenyewe. Vikizidi wingi, vinapeana ishara na baadhi vinaacha kugawanyika, vinakuwa vifupi na vinene, tayari kwa kunywewa na mbung'o. Kimelea kinachomuua mgonjwa wake haraka kingekosa safari. Aina ya gambiense imelijua hilo kwa namna ya kutisha: inamwacha mtu atembee, alime, achote maji mtoni, na aumwe na mbung'o wengine kwa miaka.

Kuna hila nyingine niliyoisoma kwa mshangao. Kingamwili chache zikikamata kanzu, kimelea huzivua. Kwa kuwa kinaogelea daima kikielekea mbele, maji ya damu yanazisukuma kingamwili hizo kwenda nyuma kwenye kijishimo kilicho chini ya mkia. Hapo zinamezwa pamoja na kanzu iliyoshikwa, kingamwili zinasagwa, kanzu inarudishwa juu ikiwa safi. Kanzu yote inaweza kupita katika kijishimo hicho kwa dakika kama 12. Vimelea vinavyozuiwa kuogelea mbele vinashindwa kuzivua kingamwili hizo.

Ndiyo maana hakuna chanjo?

Ndiyo. Chanjo ingeufundisha mwili kanzu moja au kumi, na kimelea kina maelfu. Watu wamejaribu kwa miongo mingi, pamoja na maabara ya ILRAD iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973 kwa ajili ya magonjwa ya mifugo, ambayo sasa ni sehemu ya ILRI. Juu ya hayo, tripanosoma hulivuruga jeshi lenyewe la kinga. Huzichochea seli B, zinazotengeneza kingamwili, zitoe kingamwili nyingi za ovyo, hasa zile za daraja la IgM. Kwa panya wa maabara ugonjwa umeonekana kufuta hata kinga iliyoachwa na chanjo za magonjwa mengine. Kwa binadamu madhara hayo yameonekana kuwa madogo zaidi, na hiyo ni faraja kidogo.

Ng'ombe wanakufa kwa nagana. Mbona sisi tunaowachunga hatuipati?

Swali hili ni la wafugaji, na ni zuri kuliko linavyoonekana. Nagana ni ugonjwa wa ndugu zake tripanosoma wa malale: Trypanosoma congolense, Trypanosoma vivax, na Trypanosoma brucei brucei. Huyu wa mwisho ukimtazama kwa darubini huwezi kumtofautisha na anayetuua sisi. Mbung'o wake wanatuuma kila siku, na hatuugui.

Katika damu ya binadamu mna protini iitwayo APOL1. Inasafiri pamoja na chembe za mafuta mazuri ya damu, zile ambazo madaktari huziita HDL. Tripanosoma wa nagana huimeza akidhani ni chakula. Ikishafika ndani inatoboa tundu katika utando wake, chumvi na maji vinaingia, anavimba na kupasuka. Nyani wana protini inayofanana nayo, tena kali zaidi. Ng'ombe, mbuzi na mbwa hawana.

Kwa hiyo malale ya binadamu ni kazi ya aina mbili tu zilizopata njia ya kuikwepa APOL1. Rhodesiense hutengeneza protini ya SRA inayoikamata APOL1 na kuizuia isifanye kazi. Gambiense imetumia njia tofauti: imeharibu mlango ambao APOL1 nyingi huingilia, na ikaongeza protini yake nyingine, TgsGP, inayoukaza utando usitobolewe. Jeni yetu ya APOL1 nayo ina sura mbili zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, ambazo zimehusishwa na kinga dhidi ya tripanosoma fulani. Anayerithi sura hizo kutoka kwa baba na mama pia hubeba hatari kubwa zaidi ya maradhi ya figo. Ugonjwa huu umetuandika katika miili yetu.

Hata hivyo wafugaji wasijisahau. Rhodesiense hukaa kwa ng'ombe bila kuwadhoofisha sana, na husafiri nao. Mwaka 1998 mlipuko ulitokea Soroti, mashariki ya Uganda, kuzunguka mnada wa ng'ombe walioletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa bila kutibiwa kwanza. Tangu hapo aina hiyo imeendelea kusogea kaskazini. Ng'ombe wanaovuka kuja huku wanapaswa kupewa dawa kabla ya kuvuka.

Kwa nini mgonjwa analala mchana?

Katika hatua ya kwanza vimelea viko katika damu, tezi, ngozi na mafuta ya mwili. Mtu ana homa, kichwa, viungo vinauma, ngozi inawasha, na tezi za nyuma ya shingo zinaweza kuvimba. Dalili hiyo ya shingo Thomas Winterbottom aliiandika mwaka 1803 baada ya kukaa Sierra Leone. Wafanyabiashara wa watumwa waliijua tayari, na waliwakataa watu wenye tezi hizo.

Katika hatua ya pili vimelea vinaingia kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa halali zaidi kuliko watu wengine. Jumla ya saa zake haiongezeki sana. Kinachoharibika ni saa ya ndani ya mwili, ile inayotenganisha usiku na mchana, kwa hiyo usingizi unavunjika vipande vipande na kutawanyika katika saa 24. Pamoja na hilo huja kuchanganyikiwa, kutetemeka, kubadilika tabia, kushindwa kutembea, na mwisho kuzimia. Asipotibiwa, karibu daima hufa. Familia zinazofikiri ni kichaa au jini zinastahili huruma, kwa sababu dalili zinafanana kabisa na walichowahi kuambiwa. Lakini mgonjwa wa namna hiyo aliyewahi kuishi Equatoria anapaswa kupimwa malale kabla ya jambo jingine lolote.

Dawa zinakiuaje, na ni kweli kwamba ni sumu?

Moja ilikuwa sumu kweli. Ili kuelewa, tazama kwanza kimelea kinakula nini.

Ndani ya damu yetu kinaishi kwa glukosi tu, sukari iliyomo katika damu, na kinaila kwa pupa. Hakitumii mitambo ya kawaida ya kupumua kama seli zetu; kinaivunja sukari nusu njia na kutupa masalio nje. Kazi hiyo hufanyika ndani ya vifuko vidogo viitwavyo glaikosomu, ambavyo Fred Opperdoes na Piet Borst walivieleza mwaka 1977 na ambavyo seli zetu hazina. Kikiingia kwa mbung'o, ambako sukari ni haba, hubadilisha mitambo yote na kula asidi amino ya prolini. Mwaka 1985 Alan Fairlamb na Anthony Cerami walieleza kitu kingine ambacho sisi hatuna: tripanothioni, molekuli inayokilinda kimelea dhidi ya kuunguzwa na oksijeni iliyochacharika. Kila tofauti ya namna hii kati yake na sisi ni mahali pa kulenga dawa.

Melasoproli, iliyoanza kutumiwa mwaka 1949, ina aseniki ndani yake. Inajifunga kwenye tripanothioni na kukiua kimelea hata kikiwa ubongoni. Lakini aseniki haichagui vizuri. Kati ya wagonjwa 100 waliodungwa, 5 hadi 10 walipata mtikisiko mkali wa ubongo, na karibu nusu ya hao walikufa kwa dawa yenyewe. Sindano iliunguza mshipa. Watu wazima wa Yei na Arua wanaoikumbuka hawatii chumvi. Kisha katika miaka ya 1990 ilianza kushindwa, na huko Omugo, kaskazini magharibi ya Uganda, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya wanne alirudiwa na ugonjwa.

Iliyofuata ni eflonithini. Inakizuia kimeng'enya ambacho kimelea kinakihitaji ili kitengeneze malighafi ya tripanothioni na kugawanyika. Nasi tunacho kimeng'enya hicho, lakini chetu kinatengenezwa upya upesi sana, cha gambiense polepole. Dawa inamlemea yeye, inatuacha sisi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1990, na baada ya miaka michache utengenezaji wake ukasimama kwa sababu wanaoihitaji walikuwa maskini. Ikarudi sokoni kama kiungo cha krimu ya kuzuia nywele usoni kwa wanawake wa nchi tajiri. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele, na mwaka 2001 ukapatikana mkataba na kampuni ya Aventis wa kuitoa bure. Jambo hilo bado linanikasirisha, na nadhani lina haki ya kumkasirisha kila mtu wa Equatoria.

Sudan Kusini ina sehemu yake katika ushindi uliofuata. Kati ya 2001 na 2003, katika hospitali ya Kiri, Kajo-Keji, zaidi ya wagonjwa 1,000 wa hatua ya pili walitibiwa kwa eflonithini, nayo ikaonekana kuwa salama zaidi kwa mbali kuliko melasoproli. Shida yake ilikuwa kazi: dripu kila baada ya saa sita kwa siku 14, jumla 56. Kuichanganya na vidonge vya nifutimoksi kulizipunguza hadi 14 kwa siku saba, na mchanganyiko huo, NECT, ukaingia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Mwaka 2018 ikaidhinishwa feksinidazoli, vidonge vya siku kumi vinavyotibu hatua zote mbili za gambiense. Inaingia mwilini ikiwa haina makali; kimeng'enya cha kimelea chenyewe ndicho kinachoigeuza kuwa sumu dhidi yake. Lazima imezwe baada ya chakula cha kutosha, la sivyo mwili hauinyonyi ya kutosha, na lazima imezwe mbele ya mhudumu. Inaweza kuleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Watoto walio chini ya miaka sita au chini ya kilo 20, na wagonjwa ambao ubongo umeathirika sana, bado hupewa dawa nyingine. Dawa iliyofuata, akoziboroli, humezwa mara moja tu. Ilijaribiwa Kongo na Guinea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika hatua ya pili iliponya wagonjwa karibu 95 kati ya 100.

Kipimo kikoje? Ni lazima uti wa mgongo?

Kwanza ni tone la damu la kidoleni, majibu kwa dakika chache. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili dhidi ya kanzu maalumu, hasa ile iitwayo LiTat 1.3. Utauliza: kama kimelea kinabadili kanzu, kanzu moja inatosha vipi? Inatosha kwa sababu karibu kila gambiense huipitia kanzu hiyo mapema, na kingamwili zake hubaki katika damu hata kimelea kikishahama.

Majibu chanya hayatoshi kuanza tiba. Inabidi kimelea chenyewe kionekane, katika maji ya tezi ya shingo au katika damu. Kwa kuwa vimelea huwa vichache, damu hupitishwa katika kichujio chenye chaji ya umeme inayozikamata chembe za damu na kuiacha tripanosoma ipite. Sindano ya uti wa mgongo ndiyo iliyowakimbiza wengi. Tangu feksinidazoli ipatikane, mgonjwa asiye na dalili nzito za ubongo anaweza kutibiwa bila kudungwa mgongoni. Juba Teaching Hospital imekuwa kati ya vituo vya malale nchini, pamoja na vya Yei, Lui, Maridi na Yambio. Mwambie daktari wazi kabisa ni wapi uliwahi kuishi katika miaka ya karibuni, maana mara nyingi hiyo ndiyo inayomfanya alifikirie jambo hilo.

Nikila naye au kulala naye nitaambukizwa?

Hapana. Huambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kikohozi. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, kwa hiyo mtoto wa mama aliyekutwa na malale apimwe. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Tujikinge vipi na mbung'o?

Mbung'o wa kwetu, Glossina fuscipes, anapenda kivuli cha kando ya maji, na hunywa sana damu ya kenge pamoja na ya watu. Chandarua cha usiku hakimhusu sana, kwa kuwa yeye ni wa mchana. Nguo nzito za mikono mirefu husaidia. Za buluu zinamvuta. Kwa kutumia udhaifu huo, ng'ambo ya mpaka huko Arua, Maracha, Koboko, Moyo na Adjumani, vimewekwa tangu 2011 vitambaa vidogo vya buluu na nyavu zenye dawa kando ya mito. Mbung'o wakivigusa hufa. Jike huzaa buu mmoja mmoja tu, kwa hiyo ukiwaua wachache kila siku kizazi kinaporomoka. Unguja iliwamaliza kabisa mbung'o wake, wa aina nyingine, kufikia 1997 kwa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi. Ukiona vitambaa vya namna hiyo kijijini kwenu, usiving'oe.

Nikishapona, naweza kuugua tena?

Unaweza. Kupona hakuachi kinga ya kutegemewa, kwa sababu ile ile ya kanzu. Ukirudi kulima Lainya na kuumwa na mbung'o mwenye kimelea, unaanza upya. Na kuna jambo dogo la kukumbuka: kingamwili za ugonjwa wa zamani hubaki kwenye damu kwa miaka, kwa hiyo kipimo cha kidoleni kinaweza kusema chanya ingawa umepona. Mweleze mhudumu kwamba uliwahi kutibiwa, wapi na mwaka gani, na umwonyeshe kadi yako kama bado unayo, ili akutafutie kimelea chenyewe kwa darubini kabla ya kukupa dawa nyingine.